Kupokea Si Kukubali

Chuma kiligusa bati gizani, mara moja tu, kisha kikafuata kimya cha mtu aliyezuia pumzi.

Eveline hakuhitaji kufumbua macho. Kikombe cha bati kilikaa juu ya kabati la vyombo, na ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu: ufunguo wa kufuli uliofungiwa kijibao chenye namba ya kizimba cha sokoni.

"Baba Gloria," alinong'ona. "Urudishe."

"Naangalia tu kama upo."

"Upo. Hauna miguu."

"Ungekuwa nayo ungeshajiendea wenyewe kufungua kizimba. Wenye miguu humu ndani tumekaa tunautazama." Silvester aliketi ukingoni mwa kitanda, ufunguo ukiwa bado kiganjani. "Mama Gloria, kile kizimba kiko mstari wa mbele. Kina bati. Mvua zikianza, mtoto hanyeshewi. Mimi ningekuwa mtu wa kusali, hicho ndicho ningeomba."

"Hukuomba, na umeletewa mpaka mlangoni. Hujiulizi kwa nini?"

Katikati yao binti yao Gloria, aliyekuwa hajafikisha miaka mitatu, aligeuka na kumpiga baba yake teke la usingizi. Ufunguo ukarudi kikombeni.

Isangwile ni mji mdogo kando ya barabara kuu, kati ya Iringa na Mbeya. Mabasi husimama pale abiria wapate kula chipsi na kunyoosha magoti. Silvester alikuwa akiziba pancha za malori ng'ambo ya barabara. Eveline aliuza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vilivyofungwa kwenye nyavu nyekundu, akikimbia kutoka dirisha hadi dirisha na Gloria mgongoni. Wenzake walifanya vivyo hivyo. Kisha halmashauri ikapitisha sheria ndogo: ni marufuku kufanya biashara eneo la stendi ukiwa na mtoto mgongoni. Walisema ni kwa usalama wa watoto. Hakuna aliyewauliza akina mama hao watoto wabaki na nani.

Siku ya kwanza ya sheria hiyo, mgambo mmoja mgeni alimfungua Eveline mbeleko mbele ya basi lililojaa. Gloria alidakwa mguu mmoja. Vitunguu viliviringika chini ya matairi, na abiria wakatoa simu dirishani wakapiga picha, mmoja akacheka. Jioni ile Faustina, aliyekuwa akiuza naye, alilala mahabusu na mtoto anayenyonya. Wanawake wakakutana wakakubaliana waende mahakamani kuuliza kama sheria hiyo inapatana na Katiba, na atakayetangulia awe Eveline, kwa kuwa kwao Ilomba kule Mbeya alimaliza masomo ya jioni na alijua kusimama mbele ya watu bila kutafuna ncha ya kanga. Wakili Nazia wa Iringa mjini alikubali kuwasimamia bila malipo.

Yote yalikwenda vizuri mpaka jioni moja, siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, Bwana Edmund alipopiga hodi. Alikuwa afisa masoko, mzee mwenye mvi na sauti ya taratibu, na nyuma yake alisimama kijana mwenye simu.

"Kamwene," mzee alisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene," Eveline aliitikia, magoti yakiwa yameshajikunja.

"Mwanangu, serikali yako haina ugomvi na wewe." Akanyoosha mkono. Kiganjani mlikuwa na ufunguo.

Eveline aliupokea kwa mikono miwili. Angefanya nini? Mzee mwenye mvi amekunyooshea mkono mlangoni kwako. Huuachi uning'inie hewani kama nguo iliyosahaulika kambani. Alipiga goti, akapokea, akasema asante. Simu ya yule kijana ikamulika. Ndipo alipoelewa.

Nazia alipopewa habari kwa simu alimtaka Eveline arudie.

"Umeupokea?"

"Nimeupokea, dada."

"Kwa nini, Eveline?"

"Mzee alininyooshea mkono."

Nazia alikulia nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la baba yake, akiwapimia vitenge bibi wa Kihehe waliopokea hata chenji kwa goti. Hakuhitaji maelezo zaidi. "Wamekujua," alisema. "Sasa watawaambia majaji mgonjwa ameshapona, kwa hiyo daktari hana sababu ya kumpima."

* * *

Asubuhi ilipopambazuka, Paskalina, mama yake Silvester, alikuwa jikoni akichambua maharage kwa vidole. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu; mawe aliyajua kwa kuyagusa. Kwa sababu ya macho hayo hakuna aliyeweza kumwachia mtoto anayekimbia.

"Nasikia umepewa kibanda," alisema, "na bado unataka na Katiba juu yake."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo Katiba ina bati?"

"Haina."

"Ina choo?"

"Haina, mama."

"Basi sijui unaifuatia nini." Akatupa jiwe nje ya mlango. Kuku wakalikimbilia, wakadanganyika, wakarudi. "Mimi huyu Silvester nilimfunga mgongoni nikalima mpaka nikamaliza tuta. Hakuna aliyekuja kuniambia nimekosa."

"Ndilo hilo ninalokwenda kuwauliza."

Mikono ya bibi ilitulia juu ya ungo. "Haya nenda. Lakini kula kwanza. Mahakamani huwa hawakumbuki kwamba watu wana matumbo."

Stendi ilikuwa mbaya zaidi. Wanawake walikuwa wamejipanga nyuma ya kituo cha mafuta, ambako mgambo hafiki haraka. Eveline alipowakaribia, mazungumzo yalikatika.

"Hodi hodi, mwenye mali kaja!" Faustina alisema kwa sauti ya juu. "Mpisheni, jamani, asije akachafuka."

"Faustina."

"Tukuite mama mwenye nyumba au bosi? Tuambie mapema tusikosee."

"Sijakifungua hicho kizimba."

"Hujakifungua *bado*." Wenzake wakacheka, si kwa furaha. Faustina alimhamishia mtoto wake ziwa la pili bila kuondoa macho usoni mwa Eveline. "Mimi nimelala sakafuni mahabusu na huyu, maziwa yakikauka kwa hofu. Tulikutuma ukatuulizie, wewe ukaenda kujinunulia."

Eveline angeweza kulia, na kulia kungemsaidia. Lakini alikataa kusaidiwa hivyo. "Nisipoaminika, njoo Iringa usikie kwa masikio yako," alisema. "Kaa mstari wa mbele kabisa. Nikisema neno moja la kuwauza, nivue kilemba pale pale mbele ya majaji."

"Nitakuvua kweli."

"Ndiyo maana nakuita wewe."

* * *

Upepo wa Iringa ulikuwa ukipanda mlimani na kupenya chini ya milango ya mahakama. Majaji walikuwa watatu. Aliyekaa katikati alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani, aliyeandika kila kitu kwa mkono bila haraka. Faustina alikaa mstari wa mbele kama alivyoahidi. Silvester alikaa nyuma na Gloria, akimpa biskuti kila alipotaka kusema.

Wakili wa halmashauri alikuwa kijana mpole, na upole wake ulikuwa na makali.

"Waheshimiwa majaji, hatukuja kusema sheria ndogo hii ni nzuri. Hatukuja kusema ni mbaya. Tunasema hakuna haja ya kusema. Mleta maombi alilalamika kwamba hana mahali pa kufanyia biashara akiwa na mwanawe. Sasa anapo. Akiwa ndani ya kizimba, sheria ndogo haimgusi. Na Mahakama hii, kwa busara yake, haifungui Katiba pale ambapo ugomvi unaweza kumalizwa kwa ufunguo."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe hakuwa amekusudia kuchekesha, akaona haya, akaharakisha kuwapelekea majaji picha: Eveline amepiga goti, mikono miwili imejikusanya, uso umeinama. Mtu asiyejua angesema anashukuru kwa kuokolewa.

Nazia alisimama. "Waheshimiwa, ukimkanyaga mtu, halafu ukamnunulia kiatu, bado hujasema kama kukanyaga ni halali. Halmashauri haikufuta sheria. Imemwondoa tu anayeuliza."

Jaji wa katikati aliitazama picha muda mrefu. "Mleta maombi yupo? Asimame." Eveline akasimama. "Mama, ulipokea ufunguo huu?"

"Nilipokea, mheshimiwa."

Faustina alivuta pumzi kwa meno.

"Ukijua ni wa nini?"

"Nikijua. Mzee alininyooshea mkono, nami nimelelewa. Hata angeninyooshea kaa la moto ningelipokea kwa mikono miwili, halafu ndiyo ningelia. Lakini kupokea si kukubali, mheshimiwa. Sijakifungua kizimba hata siku moja." Aliingiza mkono kifuani akautoa ufunguo. "Huu hapa. Niwaachie nyinyi?"

"Mahakama haitunzi funguo za soko, mama." Kicheko kingine, na safari hii hata karani alicheka. Jaji hakucheka. "Una mahali, pana paa, na mwanao unaweza kukaa naye. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kuambiwa."

"Kuambiwa nini?"

"Mtoto wangu kuwa mgongoni mwangu nikitafuta riziki, ni kosa au si kosa? Nilifunguliwa nguo mbele ya watu. Kama nilikosa, niambiwe nikae kimya. Kama sikukosa, naomba nisikie mtu mkubwa akisema hivyo."

Nyuma ya ukumbi biskuti ya Gloria ilisikika ikivunjika. Jaji alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Jibu alikuwa nalo. Lilimjia pale pale, zima zima, na kwa sababu hiyo hiyo aliliogopa: jibu linalokuja haraka namna ile ni la mama, si la jaji. Akaahirisha shauri hadi baada ya chakula.

Waliporudi, alisoma polepole kama mtu anayemvusha mwenziwe kwenye daraja la mti mmoja.

"Swali la mleta maombi ni swali la kweli. Lakini Mahakama haijibu swali la Katiba kwa kuwa ni la kweli. Hulijibu pale mtu aliye mbele yake hawezi kupata haki mpaka lijibiwe. Leo mtu huyu ana njia nyingine, hata kama haipendi. Tukilijibu hivi hivi, kesho tutaulizwa na wasioumizwa, na keshokutwa tutaanza kujiuliza wenyewe. Hapo hamtakuwa na majaji tena, mtakuwa na watawala ambao hamkuwachagua. Hatusemi sheria ndogo hii ni halali. Izingatiwe kwamba hatusemi. Atakayeumizwa nayo, asiye na njia nyingine, mlango huu uko wazi kwake. Maombi yanaondolewa. Kila upande utabeba gharama zake."

* * *

"Si angesema tu!" Faustina alifoka wakiwa ngazini. Upepo ulikuwa ukimpigapiga kitenge. "Neno moja! Mdomo ungemuuma? Kajua, nilimwona usoni, kajua kabisa, halafu kanyamaza!"

"Hajatunyima," Nazia alisema akikunja joho lake, lakini sauti yake ilichoka. "Amekataa kujibu. Ni vitu viwili tofauti."

"Kwenye tumbo langu ni kitu kimoja."

Eveline alikuwa hasikilizi. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza kama ilivyokuwa ikifanya zamani darasani Ilomba, chini ya taa inayokatika, akirudia jambo mpaka liingie. "Atakayeumizwa," alisema. "Asiye na njia nyingine. Faustina, vizimba vilivyobaki ni vingapi?"

"Vibaki wapi! Hicho chako ndicho kilichokuwa wazi, tena kwa sababu mwenyewe alihamia Makambako. Sisi wengine majina yetu yamelala ofisini mpaka yameota kutu."

"Kwa hiyo nyinyi hamna njia nyingine."

Nazia aliacha kukunja joho.

"Hakutufukuza," Eveline alisema, na sasa alikuwa anacheka kidogo. "Katuambia wa kuja. Alikuwa anakuita wewe, Faustina, na yule, na yule. Ufunguo mmoja waliupata. Wa kila mmoja wetu watautoa wapi?"

"Eveline, unajua unachosema?" Nazia aliuliza. "Mtakamatwa."

"Tunakamatwa kila wiki, dada. Tofauti ni kwamba tulikuwa tunakimbia."

Wakili aliwatazama wote wawili, kisha akautazama mlango wa mahakama. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Msitukane mtu. Msisukume mtu. Mkiulizwa jina, tajeni jina. Na Faustina atangulie. Wewe watasema ulikuwa na njia ukaitupa."

"Mimi nitakuwa nyuma yake tu."

Faustina alimsogelea Eveline, akamshika kilemba. Silvester akaruka mbele akidhani ugomvi umeanza. Lakini Faustina alikuwa akikirekebisha. Kilikuwa kimelegea upande mmoja. "Kikae vizuri," alisema kwa ukali. "Tunaingia kwenye basi la watu."

* * *

Kesho yake Eveline aliingia ofisi ya soko wakati wa foleni ndefu. Bwana Edmund alikuwa mezani, akipuliza chai. Eveline alipita pembeni, akapiga goti sakafuni mbele ya wote, akanyoosha mikono miwili iliyokusanyika.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu," mzee aliitikia, na mkono wake ukaja wenyewe kabla kichwa hakijauzuia. Ufunguo ulipotua kiganjani ndipo alipoutazama. Foleni nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Kuurudisha kungekuwa kumtupia mtu aliyepiga goti.

"Sasa hapa umenifanyia nini, mama?"

"Heshima, mzee."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa kukohoa kusikokuwa kwa mafua. Bwana Edmund aliweka ufunguo mezani polepole. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amefanya kama alivyoagizwa, na usiku wa ile picha hakulala vizuri. "Kizimba hiki kuna watu wanakililia," alisema kwa sauti ya chini.

"Mpe mmojawapo. Mimi nimeshakushukuru mara moja, inatosha."

Habari zilifika ng'ambo ya barabara kabla yake. Jioni Silvester aliingia ndani, akanawa grisi kwa sabuni ya unga, akanawa tena. Paskalina aligeuza uso wake wenye ukungu kutoka kwa mwana hadi kwa mkwe, akisubiri radi.

"Umeurudisha," alisema Silvester.

"Nimeurudisha."

"Na mvua inakuja."

"Inakuja, baba Gloria."

Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Leo madereva wa malori wananiuliza. Eti yule mwanamke aliyewauliza majaji swali mpaka wakaenda kwanza kula, ndiye mkeo? Nikasema ndiye." Akatundika taulo. "Mmoja hakuamini. Nikamwambia apite kesho asubuhi stendi."

"Nani kakwambia kuhusu kesho?"

"Mji wote unajua kuhusu kesho. Mama, kuna ugali?"

"Upo," alisema Paskalina. "Na hiyo mbeleko nimeifua. Kama mtu atafunguliwa nguo mbele ya mabasi, basi iwe safi."

* * *

Ukungu ulikuwa haujainuka. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakasimama pale pale ambapo mabasi hufungua milango yake, mbele, si nyuma ya kituo cha mafuta. Kila mmoja alikuwa na beseni kichwani na mtoto mgongoni.

Silvester ndiye aliyemfunga Gloria mgongoni mwa Eveline, hadharani, akivuta ncha za kitenge kama anayejaribu tairi.

"Fundi!" vijana wa bodaboda wakapiga mluzi. "Siku hizi unaziba na za mgongoni?"

"Hii haivuji," alijibu, akasogea pembeni, akabaki pale pale.

Basi la kutoka Mbeya lilisimama. Mgambo walitokea uchochoroni, wa mbele yao akiwa Obeid, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akija kwao kuomba moto wa mkaa. Hakuna aliyekimbia. Obeid alipunguza mwendo kwanza, kisha akasimama, maana hakuwa amefundishwa la kufanya kwa watu wasiokimbia.

"Jina?" alimuuliza Faustina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele.

Faustina akalitaja jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kufika hadi siti ya mwisho ya basi. Obeid akaandika. Kalamu ikagoma kwa baridi, akaipulizia. Kisha akamfikia Eveline.

"Shemeji, usinitie majaribuni asubuhi yote hii. Mshushe mtoto, uuze vitunguu vyako, yaishe."

"Simshushi, Obeid. Andika."

"Nikiandika unapanda gari."

"Napanda naye."

Abiria walikuwa wamefungua madirisha. Simu zilitoka, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mtoto mapajani alikuwa amesimama kwenye siti yake ili aone. Mkuu wa mgambo alipaza sauti kutoka nyuma, "Obeid, unasubiri nini?" Eveline alihisi moyo wa mwanawe ukipiga kwenye uti wake wa mgongo, haraka kuliko wake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze safari ile aliogopa kweli. Lakini hakurudi nyuma.

Obeid aliinama pembeni, akaacha kumtazama mama, akalainisha sauti kama mjomba.

"Gloria, mwanangu mzuri, shuka basi, mama asipate shida."

Mtoto aliinua shavu kutoka mgongoni mwa mama yake, akamtazama Obeid, akazitazama simu zote dirishani, akasema kwa sauti iliyowafikia wote:

"Mimi sishuki."